Linux Ipi kwa Kompyuta ya Mtumba? Mfumo wa Kwanza wa Jamii ya Unix Kanda ya Ziwa

Anayeanza kutumia mfumo endeshi wa jamii ya Unix jijini Mwanza huanza na mashine aliyonayo, na mara nyingi mashine hiyo imeshafanya kazi Ulaya, Dubai au Marekani kabla ya kufika dukani. Ni Lenovo ThinkPad, Dell Latitude au HP EliteBook iliyotolewa ofisini, yenye prosesa ya Core i5 ya kizazi cha 3 hadi cha 7, RAM ya GB 4 au 8, na betri iliyochoka. Muuzaji ameshaipiga Windows 10, pengine kwa ufunguo ambao hakuna aliyeulipia. Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai chipu ya TPM 2.0 pamoja na prosesa ambazo, kwa upande wa Intel, zinaanzia takriban kizazi cha 8. Kwa hiyo mashine nzima, isiyo na kasoro ya maana, inabaki na mfumo ambao matundu yake hayazibwi tena. Hapo ndipo jina la Linux linapoanza kutajwa, na maswali yanaanza papo hapo, kwa sababu Linux ina sura nyingi na si Unix yote ni Linux.

Ukoo wenyewe unaelezeka kwa ufupi. Unix ilizaliwa mwaka 1969 katika maabara za Bell nchini Marekani, mikononi mwa Ken Thompson na Dennis Ritchie. Mwaka 1973 iliandikwa upya kwa lugha ya C, na tangu hapo ikaweza kuhamishwa kutoka aina moja ya kompyuta hadi nyingine. Chuo Kikuu cha California huko Berkeley kiliiendeleza kivyake na kuzaa tawi la BSD, ambalo leo lina FreeBSD, NetBSD na OpenBSD. Mwaka 1983 Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU, wenye lengo la kutengeneza mfumo huria unaofanana na Unix, na mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, akatoa kerneli ya Linux. Kerneli ndicho kiini kinachosema na vifaa. Peke yake haimfikishi mtumiaji popote. Mtu au kundi linalokusanya kerneli, zana za GNU, eneokazi, kivinjari na ghala la programu, kisha likavifunga pamoja, limetengeneza distro. Debian na Slackware zilianza mwaka 1993, Fedora 2003, Ubuntu 2004, Linux Mint 2006. macOS ya Apple nayo ni ya ukoo huo, ina hata cheti rasmi cha Unix, ila leseni yake inairuhusu kwenye mashine za Apple tu. Android inatumia kerneli ya Linux, kwa hiyo wanunuzi wa sangara wa Ukerewe wanaoulizana bei kwa WhatsApp wamekuwa watumiaji wa Linux kwa miaka bila kujitambua.

Mifumo hii si migeni Afrika Mashariki. Kabla ya nyaya za baharini za SEACOM na EASSy kutua Dar es Salaam mwaka 2009 na 2010, intaneti ilitegemea setilaiti, nayo ilikuwa ghali na ya kusuasua. Canonical, kampuni ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ilikuwa ikituma CD za Ubuntu bure kwa posta hadi mwaka 2011, na wapo walioiona Linux kwa mara ya kwanza ndani ya bahasha iliyofika kwenye sanduku la barua. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliowaunganisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wataalamu kutoka Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye maandishi ya Kiswahili. Ng'ambo ya ziwa, huko Nkozi, Chuo Kikuu cha Uganda Martyrs kilihamia programu huria mwanzoni mwa miaka ya 2000. Wahandisi wa mitandao waliosoma kwenye mafunzo ya AfNOG, ambayo mwaka 2011 yalifanyika Dar es Salaam, walifundishwa kwa miaka mingi juu ya FreeBSD. Matokeo yake yanaonekana mpaka leo: watu wa seva wanaifahamu Unix vizuri, ilhali fundi wa kompyuta za mezani aliyepo mtaani anajua kupiga Windows. Anayeanza ana haja ya yule wa pili, na huyo ndiye asiyejua.

Kwa sababu hiyo, mpangilio wa maswali ya mwanzo una uzito kuliko jina la distro. Mashine inakubali nini? Bando linatosha kiasi gani? Kazi ni ipi? Nani yuko karibu wa kusaidia? Mabishano mengi ya wapenzi wa Linux yanahusu swali la tano, la distro ipi ni bora, ambalo kwa mtu mpya karibu limeshajibiwa na hayo manne.

Kuhusu mashine, karibu kila laptop inayouzwa sasa ni ya biti 64. Za biti 32 zinakutwa kwenye maabara za shule zilizopokea misaada zamani. Ubuntu iliacha siku nyingi kutengeneza kifungio (programu ya kufunga mfumo) cha mashine hizo, na Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, nayo imeacha. Zimebaki Debian 12, antiX na nyingine chache, na ukweli ni kwamba kurasa za wavuti za leo zitaishinda mashine ya namna hiyo mapema kuliko mfumo wowote. RAM ndiyo inayochagua eneokazi. GNOME, inayokuja na Ubuntu na Fedora, humeza GB 1 na zaidi kabla mtumiaji hajafungua chochote, hivyo kwenye GB 4 kivinjari chenye kurasa sita kitaanza kukwama. Xfce na LXQt zinaridhika na kidogo zaidi. Mwenye GB 8 ana uhuru wa kuchagua anachokipenda. Ila mwenye diski ya zamani inayozunguka asihangaike kutafuta distro nyepesi kabla ya kununua SSD, kwani SSD ya GB 256 itabadilisha mwendo wa mashine kuliko distro yoyote ile.

Kifaa kinachosumbua kuliko vyote ni chipu ya Wi-Fi. Za Intel, ambazo zimo kwenye ThinkPad na Latitude nyingi, zinafanya kazi bila kuguswa. Za Broadcom mara nyingi zinadai draiva inayopakuliwa baadaye, na hapo mtu anajikuta anahitaji intaneti ili apate intaneti. Njia ya mkato ipo na ni rahisi: simu ya Android iunganishwe kwa waya wa USB, kisha iwashwe sehemu ya kugawa intaneti kwa USB. Linux itaiona kama mtandao wa waya, na draiva itapakuliwa kwa bando la simu. Tangu Debian 12 ya mwaka 2023, kifungio cha Debian kinakuja na programu ndogo zisizo huria ambazo chipu nyingi zinazihitaji. Kabla ya hapo Debian ilikuwa imewachosha wengi kwa jambo hilo moja.

Yote haya yanaweza kujulikana kabla ya fedha kutoka mfukoni. Distro nyingi huwaka moja kwa moja kutoka kwenye fleshi bila kugusa diski. Fleshi ya GB 8 huandaliwa kwa programu ya Rufus au Ventoy kwenye kompyuta yoyote yenye Windows, hata ya steshenari. Mnunuzi huenda nayo dukani, anaichomeka, anawasha mashine huku akibonyeza F12 kwenye Lenovo na Dell au F9 kwenye HP, na baada ya dakika chache eneokazi linatokea. Hapo anaunganisha Wi-Fi kwa simu yake, anacheza video kusikiliza spika, anafungua kamera, anabonyeza kila kitufe cha kibodi ndani ya kihariri cha maandishi, anafunga kifuniko na kukifungua kuona kama mashine inaamka. Kisha anafungua takwimu za umeme, au anaandika amri ya upower -d kwenye terminali, na kulinganisha namba mbili: kiasi ambacho betri iliundwa kubeba na kiasi inachoweza kubeba leo. Ikiwa iliundwa kwa wati-saa 57 na sasa inajaa kwa 20, bei ishuke au betri ibadilishwe. Muuzaji mzuri hakasiriki kwa kipimo hiki. Anayekasirika ameshajibu swali.

Bando ndilo linalotofautisha ushauri wa Mwanza na ule unaoandikwa Berlin. Picha ya Ubuntu ya kompyuta za mezani, yaani faili ya ISO inayopakuliwa ili kuufunga mfumo, inakaribia GB 6. Linux Mint ni kama GB 3, Fedora inaizidi Mint kidogo au kupungua kutegemea toleo, na kifungio kidogo cha Debian hakifiki GB 1, ingawa hicho huendelea kupakua vilivyobaki wakati wa kufunga. Kwa mwenye fleshi na rafiki, gharama hii ni ya mtu mmoja: faili ya ISO ikishapakuliwa chuoni au kwa bando la usiku, inaruhusiwa kunakiliwa kwa watu wote wa hosteli, tena kihalali, jambo ambalo CD za Windows zilizozagaa haziwezi kulidai. Tahadhari ni moja. Februari 2016 wavamizi waliingia kwenye tovuti ya Linux Mint na kuweka ISO iliyotiwa mlango wa siri. Anayepokea nakala kutoka kwa asiyemfahamu vizuri alinganishe namba ya SHA256 ya faili na ile iliyotangazwa na watengenezaji. Amri ya sha256sum inafanya kazi hiyo kwa dakika moja.

Gharama kubwa zaidi huja baadaye, kwenye masasisho. Fedora hutoa toleo jipya takriban kila miezi sita, kila toleo huhudumiwa kama miezi 13, na katikati masasisho yake hayakauki. Arch haina matoleo kabisa. Inasonga mbele kila siku. Ni mpango mzuri kwa mtu ambaye intaneti yake haipimwi. Kwa mwalimu wa Nansio ambaye laptop yake huona mtandao mara chache kwa muhula, Arch iliyokaa miezi mitatu bila kusasishwa itataka GB kadhaa kwa mkupuo, na pengine itagoma hata kuanza kwa sababu funguo za kuthibitisha programu zimepitwa na wakati. Debian, Ubuntu za LTS (matoleo ya huduma ndefu) na Mint hukaa kwenye matoleo yale yale ya programu kwa miaka, na masasisho yake ni hasa ya kuziba matundu ya usalama. Ubuntu LTS hutoka kila baada ya miaka miwili, mwezi Aprili, na kuhudumiwa kwa miaka mitano. Mint hujengwa juu yake na kufuata muda huo huo. Debian pia hutoa picha ya DVD yenye programu nyingi zinazohitajika ofisini na shuleni, hivyo mashine inaweza kufungwa yote mahali ambapo mnara wa simu hauonekani.

Shule yenye kompyuta 20 ina nafuu nyingine. Mashine moja ikiwekewa apt-cacher-ng, kila programu hupakuliwa mara moja tu kutoka intaneti na nyingine 19 huichukua kwenye mtandao wa ndani. Walimu wengi wa TEHAMA hawaijui zana hii, na inasikitisha, maana hakuna inayookoa fedha za shule kuizidi. Huko Karatu na kwingineko shirika la Powering Potential limefunga shuleni kompyuta ndogo za Raspberry Pi zinazotumia umeme wa jua. Mfumo wa Raspberry Pi umetokana na Debian, kwa hiyo ujuzi wake unahamishika kwenda kwenye laptop bila kubadilika sana.

Kazi ndiyo inayoweza kumrudisha mtu Windows, na haifai kumficha hilo. Steshenari ya kawaida ya Igoma au Buzuruga inajaza fomu za mikopo ya HESLB, maombi ya Ajira Portal, taarifa za TRA na matokeo ya NECTA, na vyote hivyo hupita kwenye kivinjari. Firefox au Chromium ya Linux inavimudu. Linux ina faida nyingine hapo ambayo wenye steshenari wakiiona mara moja hawaisahau. Mteja analeta fleshi iliyoambukizwa, ile ambayo folda zake zote zimegeuka shotikati na faili halisi zimefichwa. Kwenye Windows, kubofya shotikati ni kukialika kirusi. Kwenye Linux shotikati hizo ni faili zisizo na nguvu, na folda halisi zinaonekana wazi pembeni yake, kwa sababu Linux haitilii maanani alama ya kuficha iliyowekwa kwenye fleshi za aina hiyo. Faili zinanakiliwa, fleshi inafutwa, mteja anaondoka.

Upande wa pili ni ubunifu na uhasibu. Photoshop, CorelDRAW, Tally na QuickBooks ya mezani hazina toleo la Linux. GIMP na Inkscape ni programu nzuri, lakini studio inayopokea faili za CorelDRAW kutoka kwa wateja haitabadilika kwa kuambiwa hivyo. Kwa video, DaVinci Resolve ina toleo la Linux, ila lile la bure halifungui H.264, ambayo ndiyo simu nyingi hurekodi, hivyo mpiga picha wa harusi ataishia kubadilisha kila faili kwanza au kuhamia Kdenlive. Hesabu za utafiti wa afya na wa uvuvi, kazi zinazofanywa Mwanza na taasisi kama NIMR na TAFIRI, ni habari tofauti. R, Python na Stata zote hufanya kazi kwenye Linux, na R hasa hujisikia nyumbani huko.

Mwanafunzi wa SAUT kule Malimbe ana tatizo lake la pekee: ripoti. LibreOffice hufungua faili za Word, lakini ukurasa ulioandikwa kwa Times New Roman au Calibri unaweza kuhama mistari kwenye mashine isiyo na fonti hizo, na jedwali la yaliyomo likapishana na kurasa. Fonti za Liberation na Carlito zimetengenezwa kwa vipimo sawa na za Microsoft, na zikiwepo uhamaji hupungua sana. Rasimu inayorudi kwa msimamizi na kupokea marekebisho ya pembeni iandikwe na kufunguliwa kwa programu moja mwanzo hadi mwisho. Inayokwenda kuchapwa iwe PDF. Kikagua tahajia cha Kiswahili kinapatikana kwenye ghala la Debian kwa jina la hunspell-sw, na si wengi wanaokijua. Kuhusu printa, za HP zina programu yake ya HPLIP na hazisumbui, printa mpya zenye Wi-Fi kwa kawaida hujitambulisha zenyewe, na Canon LBP ndogo za mfumo wa CAPT, zilizo nyingi kwenye ofisi ndogo, zinaweza kumaliza siku ya mtu.

Swali la nne, la jirani, ndilo linalopuuzwa. Hakuna hata mmoja kati ya mifumo hii uliotafsiriwa wote kwa Kiswahili, kwa hiyo ujumbe wa makosa utakuja kwa Kiingereza na jibu litatafutwa kwa Kiingereza. Majibu mengi yaliyoandikwa duniani yanahusu Ubuntu na jamaa zake, na yanafaa kwa Mint na, kwa marekebisho kidogo, Debian. Distro nzuri isiyojulikana ni kama kununua gari ambalo vipuri vyake havipo nchini. Kama chuoni kuna mhadhiri au mwanafunzi wa mwaka wa tatu anayetumia Fedora kila siku na yuko tayari kusaidia, Fedora imekuwa chaguo zuri kwa mwanafunzi anayeanza hapo, hata kama kwa mwingine isingefaa.

Majibu manne yakishapatikana, majina hubaki machache. Kwa mtu mmoja mwenye laptop ya mtumba, aliyezoea Windows na asiyetaka kujifunza kila kitu siku ya kwanza, Linux Mint ndiyo ya kwanza kujaribiwa: toleo la Xfce kwa RAM ya GB 4, la Cinnamon kwa GB 8. Menyu iko pembeni chini kama alivyozoea, video na muziki vinachezeka, na inakuja na Timeshift, zana inayohifadhi sura ya mfumo ili irudishwe ikiharibika. Ubuntu LTS inamfaa anayelenga kazi ya seva au programu, kwa sababu atakachokikuta kazini kina uwezekano mkubwa wa kuwa Ubuntu. Xubuntu ni ile ile yenye Xfce. Debian ni kwa mwenye subira ya saa chache za mwanzo anayetaka mashine isiyobadilika mpaka aamue yeye. Anayejiandaa na mitihani ya Red Hat atumie Rocky au AlmaLinux, zilizochukua nafasi ya CentOS baada ya CentOS 8 kusimamishwa mwisho wa mwaka 2021, lakini azifunge ndani ya mashine ya kufikirika (virtual machine) badala ya kuishi nazo.

Kali Linux inahitaji neno lake. Imekuwa distro ya kwanza ya vijana wengi wa vyuo kwa sababu ya video za udukuzi na ile alama ya joka. Kali imejengwa juu ya Debian kwa ajili ya wapimaji wa usalama, na walioitengeneza wenyewe wanaandika kwamba haimfai anayeanza Linux. Zana zake 600 hazimfundishi mtu mtandao unavyofanya kazi, na akizielekeza kwenye Wi-Fi ya jirani bila ruhusa anakutana na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Kila zana ya maana iliyomo inaweza kufungwa juu ya Debian ya kawaida siku mtu atakapojua anaihitaji kwa nini.

BSD zinastahili heshima kubwa na nafasi ya pili. FreeBSD ina kitabu cha mwongozo ambacho ni miongoni mwa vilivyoandikwa vizuri kuliko vyote katika ulimwengu wa programu huria, mfumo wake umeshonwa na watu wale wale kuanzia kerneli hadi amri ndogo, na mfumo wake wa faili wa ZFS hulinda data kwa namna ambayo watu wa seva huiamini. OpenBSD imejikita kwenye usalama, na ndiko OpenSSH ilikotoka, ile inayotumika kuingia karibu kila seva duniani. Kasoro yao kwa anayeanza ni ya kawaida tu: Wi-Fi za laptop zinaungwa mkono kwa kiasi kidogo kuliko Linux, na eneokazi hujengwa kwa mkono. Aliyekaa na Debian mwaka mmoja ataifurahia FreeBSD. Aliyeanza nayo kwenye HP yenye Wi-Fi ya Broadcom atarudi Windows kabla ya wiki kwisha.

Kuna pia njia ya kuanza bila kufunga chochote. Programu ya Termux kwenye simu ya Android hutoa terminali yenye bash, git na Python, na mwanafunzi asiye na laptop anaweza kujifunza amri za Unix kwa simu yenye kioo kilichopasuka. Mwenye Windows 10 au 11 na RAM ya kutosha anaweza kutumia WSL, inayoendesha Ubuntu ndani ya Windows. Zote mbili zinafundisha amri. Hazifundishi kuishi na mfumo, yaani draiva, masasisho na diski, na humo ndimo ujuzi unaolipiwa ulimo. Hata vifaa vya MikroTik vinavyoendesha Wi-Fi nyingi za vocha za mitaani vinatumia kerneli ya Linux, na anayevihudumia hulipwa kwa sababu anajua mtandao, si kwa sababu ya distro iliyoko kwenye laptop yake.

Wengi hawako tayari kuiacha Windows siku ya kwanza, na kuweka mifumo miwili kwenye diski moja kunawezekana. Windows izimwe kabisa kwanza na kipengele chake cha kuwaka haraka kiondolewe, la sivyo Linux itakuta diski ya Windows imeachwa nusu wazi na itakataa kuandika humo. Baada ya hapo mtumiaji wa Tanzania atagundua jambo moja: kila akitoka Linux na kuingia Windows, saa inarudi nyuma kwa saa tatu. Linux huhifadhi saa ya mashine kwa wakati wa dunia, Windows huisoma kama wakati wa hapa, na tofauti ya hapa ni saa tatu. Penye intaneti inajirekebisha. Pasipo intaneti inabaki, na tarehe ikikosewa sana kurasa za benki na za vyuo hukataa kufunguka. Amri ya timedatectl set-local-rtc 1 ndani ya Linux inamaliza ugomvi huo.

Umeme ni jambo la mwisho la kupangia. Mfumo wa faili wa ext4 unaotumiwa na Mint, Ubuntu na Debian huweka kumbukumbu ya mabadiliko ya mpangilio wa faili, hivyo TANESCO ikikata ghafla kompyuta ya mezani, kwa kawaida inawaka tena bila madhara. Hatari iko pale umeme unapokatika katikati ya kusasisha. Mfumo ukigoma baada ya hapo, sudo dpkg --configure -a huendeleza kazi pale ilipoishia. Laptop isasishwe ikiwa na chaji, na kompyuta ya mezani isiyo na UPS isasishwe siku ambayo umeme umetulia.

Siku ya kufunga, kifungio kitauliza kama kifute diski yote au kikae pembeni ya Windows. Makosa mengi yasiyorekebishika hutokea kwenye ukurasa huo mmoja, na fundi hawezi kuyatengua. Picha, vyeti vilivyoskaniwa na ripoti zihamishiwe kwanza kwenye diski ya nje, zifunguliwe kwenye kompyuta nyingine kuhakikisha zinasomeka, kisha diski hiyo ichomolewe kabla kitufe chochote hakijabofywa.